Jinsi Miss Lobo Alivyosema Thika

Tak. Ndivyo kilivyoanguka kifuniko cha shaba, kidogo kama kucha ya dole gumba, na kabla hakijaacha kutikisika Miss Lobo alikuwa ameshachomeka waya na kusema, "Tika. Namba pliz." Tak, Tika. Sikioni mwangu vilikuwa sauti moja, na nikiwa kimya bado navisikia.

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za chumba cha simu. Nyinyi vijana wa mapokezi mlininunulia keki, mkaniomba niseme machache kuhusu zamani. Nikawaambia nitaandika, kwa sababu nikianza kusema nitalia, na keki ilikuwa nzuri, sikutaka kuiharibu. Basi nimeandika. Habari za vyeo sitazigusa. Vingine vilikuja, vingine vilichelewa, na hakuna kimojawapo ninachokikumbuka kama ninavyokumbuka kile kifuniko.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Emajensi, ile hali ya hatari ya serikali ya kikoloni, bado haijaondolewa. Kampuni ilikuwa ya kahawa: ofisi kuu hapa Thika, mashamba na mashine upande wa Ruiru. Simu zote zilipita kwenye ubao mmoja uliosimama ukutani kama kabati, na watu waliuita swichibodi. Kila laini ilikuwa na tundu lake na kifuniko chake. Mtu wa Ruiru akizungusha mkono wa simu yake, kifuniko chake huku kinaanguka, tak. Wewe unachomeka waya kwenye tundu, unamjibu, anakwambia anamtaka nani, unachomeka waya wa pili kwa huyo mwingine, unampigia kengele. Wakimaliza unachomoa na kukiinua kifuniko kwa kidole. Nyinyi mnabonyeza tu. Siwaonei wivu, ila vidole vyenu havina sugu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa na darasa la nane. Baba alikuwa fundi mwashi, mtu wa Maragoli aliyefuata kazi ya kujenga viwanda akatuleta sote. Siku moja alikuwa anaziba ufa kwenye ukuta wa ofisi, akamwambia Miss Lobo kwamba ana binti asiyenyamaza tangu aamke mpaka alale.

"Huyo ndiyo nataka," Miss Lobo akasema. Msaidizi wake alikuwa ameolewa akahama.

Mimi niliamini Mungu amenifungulia njia ya redioni. Ndiyo, nilikuwa na ndoto ya kusoma habari redioni. Nilikuwa nimeisikiliza redio ya mwalimu wetu mpaka nikajua yule msomaji wa Kiingereza anavuta pumzi wapi. Nikifua nguo nasoma habari. Nikichota maji nasoma habari. Mama alisema ndoo zetu ndizo zenye kujua mambo ya dunia kuliko ndoo zote za Thika.

Miss Lobo alikuwa Mgoa, mwembamba, nywele zake zimefungwa nyuma kwa pini nyingi, na alikuwa amekalia kile kiti miaka kumi na sita. Hakuniuliza cheti. Alinivalisha chuma cha kichwani chenye kisikizio, akasema, "Sema jina ya hii mji."

"Sika," nikasema. Sisi nyumbani ndivyo tulivyosema.

Mlangoni alisimama Kamau, tarishi, mtu mzima mwenye watoto wanne. Akacheka. "Misi Robo, safari hii umeokota wa namna gani? Hii ni Thika!" Akaitamka kwa ulimi mzito, kama Wagikuyu wanavyoitamka wenyewe.

"Kamau," Miss Lobo akamjibu bila kugeuka, "wewe nasema yako, huyu nasema yake, mimi nasema Tika, Wazungu nasema yao kama nataka tema mate. Treni nafika palepale. Peleka barua."

Kamau alipeleka barua. Alikuwa amezaliwa katikati ya Thika na Ruiru, na bado hakuweza kutoka mji mmoja kwenda mwingine bila kitabu cha ruhusa mfukoni. Alikuwa anakishika kila baada ya hatua chache kuhakikisha kipo. Alitania kila kitu isipokuwa hicho.

Sasa nieleze jinsi tulivyofanya kazi, maana wengi mnadhani simu ni masikio tu. Miss Lobo alikuwa na daftari la jalada jeusi tuliloliita Daftari la Midomo. Kila mpiga simu alikuwa na ukurasa wake, na ukurasani yaliandikwa maneno ya Kiingereza jinsi yeye anavyoyatamka, kwa herufi za Kiswahili. Alikuwa ameona kwamba herufi za Kiingereza hata wenyewe hawazifuati. Bwana Muir wa mashine ya Ruiru, Mskoti: nyumba ni "hus", msichana ni "gerel", kazi ni "werk", na herufi R anaikaanga kama mahindi. Bwana Krige wa shamba la juu, Kaburu: ndiyo ni "yis", mfuko ni "beg". Karani wa stoo, mtu wa Nyeri: lori ni "rori". Na mimi nilipata ukurasa wangu siku ya pili: asubuhi njema, "kut moning."

Kanuni yake ilikuwa hii. Mtu akikupa ujumbe, mrudishie kabla hujamwunganisha, na mrudishie kwa mdomo wake yeye, usitumie wako. "Mtu mbali ni kama mtu ndani ya shimo," alinifundisha. "Nasikia sauti kama yake, najua kamba iko."

Kanuni ya pili ilikuwa ya asubuhi. Kabla ya kufungua laini, ujaribu nyaya zote moja moja. Tundu la kumi na nne lilikuwa tundu bure, halikwenda popote, shamba lake liliuzwa kabla sijafika. Unachomeka waya hapo, unasema neno, sauti yako inakurudia sikioni. Ikikwaruza, waya umechoka, uweke kando. Miss Lobo kila siku alisema neno moja kwenye tundu hilo. Tika. Tika. Tika. Nyaya kumi, Tika kumi.

Niliiona maana ya ile kanuni ya kwanza siku moja ya mavuno. Kifuniko cha Ruiru kilianguka. Nilipochomeka waya nikasikia kelele tu, mwanamume anapayuka kama anapigana. Alikuwa Bwana Muir. Mfanyakazi alikuwa amenaswa mkono kwenye mashine ya kumenya kahawa. Niliduwaa. Miss Lobo aliuvuta waya kwangu, akaanza kumrudishia maneno polepole, kwa R zile zile za kukaangwa, "Doktarr. Ruirru. Mashini namba tu," yaani mashine namba mbili. Nilimsikia Bwana Muir akitulia, akitulia, mpaka akaweza kusema mkono umenaswa mpaka wapi na nani amezima mashine. Daktari alipata habari kamili kabla hajavaa koti. Mfanyakazi yule alipoteza vidole viwili, mkono ukabaki. Baadaye Miss Lobo alichomoa waya, akakiinua kifuniko kwa kidole.

Mwaka wangu wa pili niliweza kumwiga kila mtu wa lile daftari. Saa ya chakula Kamau alikuwa anachungulia dirishani na kuagiza kama yuko hotelini. "Roda, nipe Krige mmoja. Baridi." Nampa. "Sasa Muir, na mchuzi." Nampa. Miss Lobo alicheka mkono ukiwa mdomoni, mabega yanaruka.

"Na Misi Robo mwenyewe?" Kamau akauliza siku moja.

Nikakataa. Wale wengine walikuwa sauti ndani ya waya. Yeye alikuwa mtu, ana mama yake kipofu nyumbani, hatua mia mbili kutoka ofisini, na kila mchana alikimbia kumlisha, akarudi na harufu ya samaki wa kupakwa siki. Kumwiga niliona ni kama kuvaa viatu vyake.

Ndipo akaja Bwana Pelling, meneja mpya, kijana wa Uingereza mwenye soksi ndefu zilizonyooka kama rula. Hakuwa mtu mbaya. Alisalimia watu, hakupiga mtu kelele. Lakini aliposikia chumba chetu siku ya kwanza, Miss Lobo akimjibu Muir kwa Kimuir na mimi nikimjibu Krige kwa Kikrige, alisimama kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Akasema kampuni ni moja na itakuwa na sauti moja, ya Kiingereza safi, kama cha redioni. Kiti ni kimoja. Jumamosi tutasoma wote wawili. Atakayesoma vizuri atabaki Thika kwenye ubao, na mwingine atakwenda Ruiru kwenye meza ya barua, ambako hakuna haja ya kusema.

"Mimi takaa Ruiru," alitueleza kwa Kiswahili chake, "nyinyi soma hapa, kwa simu. Mimi nataka sikia sauti, hapana ona sura. Hiyo ndiyo haki."

Na kusema kweli alidhani ni haki.

Miss Lobo alihesabu kwa vidole. Treni ya asubuhi, treni ya jioni. Nilijua anahesabu saa ambazo mama yake atakaa peke yake bila kujua kumekucha au kumekuchwa.

Kumbukeni kwamba ile sauti ya redioni ndiyo niliyokuwa nayo mimi. Ndoo zetu zilikuwa mashahidi. Kwa mara ya kwanza ndoto yangu ilikuwa inabisha hodi, na aliyekuwa amekaa mlangoni ni yeye. Wiki ile sikulala vizuri. Nilifikiria kusoma vibaya, lakini alinisoma usoni kabla.

"Wewe soma uzuri," akaniambia Ijumaa. "Mimi hapana lisha mama yangu kwa huruma ya mtoto."

Basi nikabuni ujinga wangu. Nikajiambia: sitasoma vibaya, nitasoma sawa na yeye. Sawa kabisa, mpaka Bwana Pelling asione tofauti. Wawili wakilingana, si atabaki wa zamani? Niliiona akili hiyo ni kubwa sana. Sikumwambia mtu.

Jumamosi, saa nne, kifuniko cha Ruiru kilianguka. Tulipewa kipande cha gazeti, habari ya maonyesho ya maua, na kila mmoja alitakiwa kusoma akiwa peke yake chumbani. Miss Lobo alitangulia. Nilikuwa nje na Kamau, tukamsikia kupitia mlango akisoma majina ya maua kama anayasalimia moja moja. Hakubadilisha kitu. Alisoma kama alivyokuwa amesema miaka kumi na sita, T zake zimekaza, W zake laini. Akatoka, akaenda uani kunywa maji.

Nikaingia. Nikavaa chuma cha kichwani, kilikuwa bado na joto lake. Nikafumba macho, nikasoma kwa sauti ya Miss Lobo. Ilitoka yote, pumzi zake, jinsi anavyomeza mate kabla ya neno refu. Nikamaliza. Halafu, klik.

Nilitoka natabasamu.

Motokaa ya Bwana Pelling ilifika kabla chai haijapoa. Alipita mbele yetu mpaka kwa Miss Lobo, masikio yake mekundu. Alizungumza Kiingereza, taratibu, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kelele. Alisema ameisikia sauti moja mara mbili. Alisema anaelewa mtu kuogopa kupoteza kiti, lakini kumnyang'anya msichana nafasi yake, kusoma mahali pake na kumziba mdomo, hilo ni udanganyifu. Hakutakuwa na meza ya barua. Mwisho wa wiki aondoke, na asitarajie barua ya kumsifu popote aendako.

Miss Lobo alinitazama. Mara moja tu. Nikaona ameshaelewa yote, hata ule ujinga wa wawili wakilingana. Halafu akamgeukia meneja.

"Yes, sir," akasema.

Alikubali! Alilibeba kosa langu, kwa sababu akisema ukweli ningefukuzwa mimi. Na mimi, msichana asiyenyamaza tangu aamke mpaka alale, nilinyamaza. Nilimtazama akienda kwenye kiti chake na kuanza kukusanya pini za nywele alizoziweka kwenye kisahani, moja, nyingine, nyingine.

Kamau alinisogelea. Kwa mara ya kwanza sikusikia utani ndani ya sauti yake. "Roda. Sasa ndiyo umenyamaza?"

Nikafungua mdomo. Sauti iliyotoka haikuwa yangu, ilikuwa ya Miss Lobo, kwa Kiingereza, mstari wa kwanza wa yale maua. Bwana Pelling aligeuka kumwangalia Miss Lobo. Midomo yake ilikuwa imefungwa. Nikaendelea. Nikasema mstari wa pili kwa sauti ya Bwana Muir, wa tatu kwa Bwana Krige, wa nne kwa karani wa Nyeri na "rori" yake. Machozi yalikuwa yananitoka, sauti zinaendelea tu, kama ubao ulioangusha vifuniko vyote kwa pamoja. Mwisho nikasema maneno ya Bwana Pelling mwenyewe, ya siku alipokuja: kampuni ni moja na itakuwa na sauti moja. Nikayasema kama alivyoyasema, pua juu kidogo.

Bwana Pelling aliketi juu ya sanduku la nyaya.

"Ni mimi niliyesoma, Bwana," nikamwambia kwa Kiswahili, sasa kwa sauti yangu. "Yeye hakujua. Nilitaka tulingane."

Akasimama, akamwomba Miss Lobo radhi. Naliandika hili kwa sababu ni haki yake: aliomba radhi, mbele ya tarishi, na siku zile haikuwa kawaida. Nikadhani nimeshinda. Nikadhani sasa kiti kitarudi kwa Miss Lobo.

Akanigeukia. "Wewe nasema yangu kama mimi mwenyewe," akasema. "Jumatatu, wewe kaa hapa."

Kwa kumtetea Miss Lobo nilikuwa nimemwonyesha Bwana Pelling kwamba ile sauti anayoitaka naiweza. Kamau alitoka nje. Mimi nilianza kusema hapana, Bwana, lakini Miss Lobo alinishika kiwiko, akakibana kwa nguvu mpaka kikauma, na nikajua maana yake: basi, inatosha, usitupotezee na hii. Jina lake lilikuwa safi. Meza ya barua ilikuwa bado ipo.

Jioni ile alifuta ubao kwa kitambaa kama kila Jumamosi. Aliniachia mto wake wa kukalia na kisahani cha pini, ingawa nywele zangu zilikuwa fupi. Mama yake, alisema, atakaa na jirani mpaka jioni. Atazoea. Nilimwomba msamaha. Nililia mpaka nikapata kwikwi.

"Nyamaza, mtoto. Wewe nafanya mimi vizuri," akasema. Akafikiri kidogo, kama aliyekuwa anasahihisha daftari la shule. "Ila Tika yako navuta. Ya mimi fupi."

Ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho ndani ya chumba hicho. Alifanya kazi Ruiru miaka mitatu, treni ya asubuhi, treni ya jioni, hadi mama yake alipofariki, kisha akaenda kwa ndugu yake Mombasa. Kamau alimpelekea salamu zangu pamoja na barua za kampuni, na alinirudishia za kwake, daima zile zile: amesema ule, na ukae wima.

Lakini niishie Jumatatu ile. Nilifika mapema, kabla ya mfagiaji. Nikavaa chuma cha kichwani. Nikachukua Daftari la Midomo, nikatafuta ukurasa wa Miss Lobo, na haukuwepo. Miaka kumi na sita alikuwa ameandika kila mdomo isipokuwa wake. Nikachukua penseli, nikafungua ukurasa mweupe, nikaandika jina lake juu, na chini yake neno moja, Tika. Pembeni nikaongeza: fupi.

Halafu nikachomeka waya wa kwanza kwenye tundu la kumi na nne.

"Tika," nikasema. Ikanirudia sikioni, ndefu. Nilikuwa nimevuta, kama alivyosema. Nikachomeka waya wa pili. "Tika." Bado. Waya wa tatu, wa nne, wa tano, naijaribu naikata, naijaribu naikata. Kwenye waya wa kumi ilitoka. Niliisikiliza mpaka ikaisha ndani ya kisikizio, kisha nikauchomoa waya polepole, nikangoja kifuniko cha kwanza kianguke.